Ubao wa Maji wa Rubona

Ingabire alipima mara ya tatu kwa sababu mara ya kwanza na ya pili zilimpa jibu moja, na jibu hilo halikulingana na faili.

Darubini yake ya kupimia usawa ilisimama juu ya miguu mitatu, kati ya ukingo wa gati na ukuta wa ghala la zamani la kahawa. Katika ukuta huo wapimaji wa zamani walipigilia msumari wa shaba, na urefu wake ulijulikana: mita nne na sentimita sitini na mbili juu ya sifuri ya ubao wa maji. Asubuhi hiyo maji yalikuwa mita moja na sentimita thelathini na nane chini ya msumari. Ziwa lilikuwa limefika 3.24. Lakini ubao wenyewe, uliopigiliwa kwenye nguzo ya gati na kupakwa mistari myeupe na myeusi kuanzia 2.60 mpaka 3.00, ulisema 2.83.

Tofauti ilikuwa sentimita arobaini na moja.

Aliandika namba hiyo kwenye daftari na kuangalia saa. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Ijumaa, tarehe 17 Aprili 1998. Mkutano ulipangwa saa saba. Saa kumi msafara wa magari yanayolindwa na jeshi ungeondoka Gisenyi kwenda Kigali, na mgeni wa mfuko unaogharimia ukarabati wa bandari angekuwamo. Barabara haikuwa salama kwa gari linalosafiri peke yake. Kama mgeni angesaini mpango kabla ya kuondoka, kesho asubuhi wanawake thelathini na wanne wanaokausha samaki wangeondolewa kwenye uwanja wa juu.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Mwezi wa Januari, baada ya miezi mitatu ya mvua ambayo wazee wa Rubona hawakuwahi kuiona, mawimbi yalipanda gatini na kubeba mapipa matano ya dizeli. Mawili yalipasuka. Mafuta yalitanda kuanzia gati mpaka karibu na mitambo ya kiwanda cha bia, na kwa wiki tatu hakuna aliyenunua sambaza, dagaa wa Rubona. Ndipo ikaamuliwa kwamba mafuta yasikae tena kando ya maji. Mapipa yangehamia uwanja wa juu, mahali pakavu kuliko pote bandarini. Wanawake waliokausha sambaza kwenye uwanja huo wangepewa ufuko wa chini. Mpango ulichorwa Kigali, kwa ramani na kwa vipimo vilivyotumwa kila wiki kutoka Rubona, kwa sababu wakati huo hakuna aliyetaka kusafiri bila sababu kubwa. Ulisema ufuko wa chini uko juu ya kiwango cha hatari kwa sentimita ishirini.

Mukandutiye, mwenyekiti wa wakaushaji, alikuwa amesimama kwenye vichanja vyake akimtazama. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, na alizungumza huku mikono yake ikiendelea kugeuza samaki.

"Injiniya, unapima nini tena? Maji haijakimbia."

"Nahakikisha, mama."

"Mi sina mashini. Mi iko na miguu. Kule chini leo asubuhi miguu yangu iliingia matope mpaka hapa." Alionyesha juu ya kifundo. "Nikawaambia. Wakasema ni wimbi."

"Nani alisema?"

"Bwana Karenzi wa mradi. Bon. Basi ni wimbi yenye kukaa. Tangu Noeli haijarudi kwao."

Wanawake wawili waliokuwa karibu walicheka bila kuinua vichwa. Ingabire hakucheka. Alizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, akasomea upimaji Dar es Salaam, na watu wa Rubona walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba alijibu mzaha kwa swali.

"Mama, watawaondoa lini hasa?"

"Kesho saa mbili. Trakta iko tayari. Nimeambiwa nitoe vichanja mimi mwenyewe, ao itatoa yenyewe." Aliacha kugeuza samaki. "Kule chini sambaza haiwezi kauka. Inaoza siku moja. Hiyo si kuhama, hiyo ni kufunga kazi. Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi pima muzuri."

Saa nne kamili Habineza alikuja kusoma ubao, kama alivyofanya kila siku tangu mwaka 1979. Kabla ya hapo alikuwa mpiga kasia katika zile boti za mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi. Mgongo ulipomshinda, bandari ikampa kazi ya ubao. Alichuchumaa ukingoni, akaacha vijiwimbi vitatu vipite, akachukua kipimo cha kile cha katikati. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuwahi kuruka hatua. Akaandika kwenye fomu: 283.

Ingabire alisubiri amalize.

"Mzee, naomba unieleze jambo. Mwezi wa Novemba fomu zako zina mita tatu kamili siku nane mfululizo. Halafu siku ya tisa ni mbili na sitini na tatu."

Habineza alifunga kalamu yake.

"Ziwa hili lina zaidi ya kilomita za mraba elfu mbili," Ingabire aliendelea. "Haliwezi kushuka sentimita thelathini na saba usiku mmoja. Maji hayo yangekwenda wapi?"

"Mi nasoma ubao," Habineza alisema. "Kazi yangu ni kusoma ubao."

Ingabire alivua saa, akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, akalala kifudifudi kwenye saruji. Aliingiza mkono majini kando ya nguzo. Chini ya ncha ya ubao, nguzo ilikuwa na utelezi wa mwani. Vidole vyake vilipita juu yake taratibu mpaka vikakuta tundu, kisha la pili kando yake, na mawili mengine chini yao. Misumari minne ilikuwa imeng'olewa hapo. Alishusha fito ya kupimia kutoka kwenye msumari wa chini wa ubao mpaka tundu la chini. Arobaini na moja.

Aliinuka, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko.

"Uliupandisha."

Habineza alitazama kuelekea kwenye vichanja, akahakikisha hakuna aliye karibu. "Maji ilipita ubao," alisema kwa sauti ya chini. "Ubao iko na mia tatu tu. Nikaongeza na fimbo, nikaandika mia tatu na moja, mia tatu na mbili, mpaka mia tatu na ine. Ofisi ikarudisha fomu. Waliandika na rangi nyekundu: ubao unaishia mia tatu, andika upya. Donc nikaandika mia tatu. Siku munane. Lakini ile ni uongo, na mi siandikake uongo. Nikapandisha ubao, ili namba ikuwe ya kweli tena."

"Ukawaambia?"

"Kuwaambia nini? Hawakuuliza ubao iko wapi. Waliuliza inasema nini."

Ingabire alitafuta kosa katika hoja hiyo na akaliona mara moja: sifuri nayo ilikuwa imepanda. Lakini aliona pia kwamba kila hatua yake ilikuwa ya utii. "Ile fomu yenye wino mwekundu iko wapi?"

"Nilirudisha, vile walitaka."

Kwa hiyo hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na matundu manne chini ya maji, na mtu mmoja aliyejua yalitoka wapi.

"Mzee, leo saa saba lazima niwaambie."

"Waambie maji iko juu. Usiwaambie ni mimi." Alikuwa bado amechuchumaa. "Binti yangu, we umetoka Tanzania, hujui. Wakati huu mutu anachukuliwa juu ya karatasi. Watasema nimeharibu vipimo vya serikali kusudi. Watauliza nilikuwa wapi, nilikuwa na nani. Nani atanisikiliza mi na hadisi ya misumari?"

"Wakiniuliza, sitasema uongo."

"Na wasipouliza?"

"Sitataja jina."

Habineza alitikisa kichwa. Kwake hiyo haikuwa ahadi.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la kahawa, kwenye meza moja na viti vya plastiki vya kuazima. Karenzi, meneja wa mradi, alikaa katikati. Alirudi kutoka Uganda miaka mitatu iliyopita, na aliongea Kiswahili kama mtu anayetoa maagizo. Upande wake wa kulia alikaa mgeni wa mfuko, mwanamume mwembamba mwenye miwani, ambaye Karenzi alimtafsiria kila kitu kwa Kiingereza. Upande wa kushoto alikaa Mudathiru, Hadji kwa watu wa bandari, mfanyabiashara wa mjini mwenye kofia nyeupe iliyofumwa vizuri, mwenye mapipa sitini ya dizeli juu ya gati. Mukandutiye alikaa peke yake upande wa pili. Habineza, kama mfanyakazi wa bandari, alisimama mlangoni.

Ingabire alizungumza dakika nne. Alitaja msumari wa shaba, namba mbili na tofauti yake. Alisema kwamba kiwango cha hatari katika mpango kilipatikana kwa kuchukua kipimo cha juu kabisa, mita tatu, na kuongeza sentimita arobaini. Kipimo cha kweli cha leo kilikuwa 3.24, na mvua ilikuwa na wiki sita mbele yake. Ufuko wa chini ulikuwa kwenye 3.60.

"Kwa hesabu ya mpango huu huu," alisema, "ufuko wa chini uko ndani ya eneo la hatari. Hauwezi kupewa mtu."

Karenzi alitafsiri. Mgeni aliandika kitu, akauliza kitu kifupi.

"Dada Ingabire," Karenzi alisema, "wewe una kipimo kimoja cha leo. Mimi nina vipimo karibu mia na hamsini, kila siku, kutoka Novemba. Mheshimiwa anauliza aamini kipi."

"Ubao ulihamishwa. Vipimo mia na hamsini vya ubao uliohamishwa ni kosa moja lililoandikwa mara mia na hamsini."

"Ulihamishwa na nani?"

"Matundu ya misumari yapo. Naweza kumwonyesha mheshimiwa sasa hivi."

"Matundu yapo kwenye kila nguzo ya bandari hii. Nimekuuliza nani."

Mudathiru alijinyoosha kitini. "Labda sambaza wenyewe. Wamechoka kukaushwa."

Karenzi alitazama saa yake na kuisogeza karatasi ya saini mbele ya mgeni. Ilikuwa saa nane kasoro kumi. "Kipimo kisicho na maelezo siwezi kukiweka kwenye kumbukumbu. Tukichelewa leo, fedha zinakwenda bandari nyingine. Unaelewa? Mapipa sitini yanabaki pale pale. Halafu yakianguka ziwani, nani atajibu? Wewe?"

Ingabire alielewa. Alifungua mdomo, na hakuangalia mlangoni, kwa sababu kuangalia kungekuwa jibu.

"Ni mimi," Habineza alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akaeleza kwa mpangilio, kama anayesoma fomu: maji yalipita ubao lini, aliandika nini, ofisi ilirudisha nini, siku nane, misumari minne, tarehe. Hakuomba msamaha na hakuongeza neno. Karenzi alitafsiri sentensi mbili za kwanza, kisha akanyamaza, na mgeni akamgusa kiwiko ili aendelee.

Mukandutiye ndiye aliyeongea kwanza. "Habineza. Miezi ine tunalia matope hapo chini, wananiambia niko mwongo, na we ulijua?"

"Sikujua. Nilijua ubao tu."

"Unapita pale kila siku na hiyo miguu yako."

Habineza alitazama miguu yake.

Mgeni alivua miwani, akaifuta, akasema maneno machache. Karenzi aliyasikiliza mpaka mwisho kabla ya kuyatafsiri. Mfuko hauwezi kusaini mpango ambao kiwango chake cha maji si sahihi. Mpango uchorwe upya, kwa vipimo vipya. Atarudi barabara ikiruhusu, pengine Juni. Karatasi zikarudi kwenye mkoba bila saini.

"Trakta?" Mukandutiye aliuliza.

"Hakuna trakta," Karenzi alisema. "Hakuna mpango, hakuna trakta. Umefurahi?"

"Bado."

Karenzi aliandika jina kamili la Habineza, akalipigia mstari. "Jumatatu saa mbili, ofisi ya mkoa, prefekture. Utayasema hayo hayo kwa maandishi."

"Nitakuja naye," Ingabire alisema. "Na nitaandika pia kwamba fomu ya kweli ilitumwa kwanza na ikarudishwa. Iliyorudisha ni ofisi. Hilo liwe ndani ya maelezo."

Karenzi alikusanya karatasi zake. "Andika. Wataamua wao." Akainuka, na mgeni nyuma yake. Dakika chache baadaye gari lao lilisikika likipanda kilima kuelekea mjini, kuuwahi msafara.

Ingabire alikuwa na sentensi moja zaidi katika daftari lake. Alijua haingempendeza mtu yeyote, lakini ilikuwa kweli kama zile nyingine.

"Gati lina sentimita arobaini na sita juu ya maji," alisema. "Mawimbi ya Januari yalipanda hamsini, na zaidi. Mapipa yaliyo gatini hayako salama hata kwa usiku wa leo."

"Mi nilijua mzigo utanirudia," Mudathiru alisema. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Mapipa sitini, injiniya. Nitayapeleka wapi? Mjini wanakataa mafuta karibu na soko. Barabarani askari wanakataa. Palikuwa na mahali pamoja pa juu." Hakumtazama Mukandutiye.

Mukandutiye alikuwa amekwenda mlangoni. Kutoka hapo alionekana akitazama uwanja wake, safu kwa safu, vichanja vilivyofunikwa na samaki wadogo waliong'aa. Kisha akatazama gati. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa yakigonga nguzo kwa sauti fupi.

"Mwezi wa kwanza," alisema, "nilitupa vikapu makumi ine. Samaki inanuka mazutu, mafuta ya yale mapipa. Hata mbwa ilikataa." Akageuka. "Hadji, mazutu yako ikiingia mu maji, ni mimi inaua kwanza, si wewe."

"Ndiyo, mama."

"Sitahama. Nimesema hivyo tangu mwezi wa pili na leo tena. Lakini nyuma, upande wa barabara, iko kipande hatutumii sana. Upepo inatoka huku, inaenda kule, harufu haitafika kwa samaki. Utaweka pale. Mpaka mvua iishe. Na utachimba mufereji kuzunguka, ikimwagika isishuke kwetu."

"Nitachimba."

"Kwanza mufereji, halafu mapipa."

Mudathiru alitazama mawingu. "Mama, yote pamoja. Tafadhali."

"Injiniya aandike. Si jina ya bandari, jina yangu na ya hawa wanawake. Tunakuazima. Mwezi wa sita unatoka."

"Kamati yenu haijakaa," Ingabire alisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Ikae basi. Mi nangojea hapa, na maji pia inangojea."

Ingabire aliandika. Mita kumi na mbili kwa sita, kutoka ukingo wa barabara. Mfereji wenye kina cha sentimita hamsini. Mwisho, tarehe 30 Juni. Mukandutiye alimwita Nyirabahire, mmoja wa wakaushaji, ambaye alikuwa amesoma shule, aje kusoma kila mstari kwa sauti. Baada ya hapo akaweka dole gumba. Mudathiru alisaini chini yake.

Wapagazi wa bandari waliweka magogo ya mikaratusi kuwa reli, wakaanza kuvingirisha mapipa kutoka gatini, wawili kwa kila pipa, mmoja akisukuma na mwingine akishika jiwe la kuzuia. Mteremko ulikuwa mkali. Pipa la nne liliponyoka, likashuka mita tano kabla ya kuzuiwa na ukuta wa ghala, na kila mtu alisimama kuangalia kama limepasuka. Halikupasuka.

Ingabire alivuta utepe wa kupimia na kupigilia vigingi. Alipofika kona ya mwisho, alimkuta Mudathiru ameng'oa kigingi na kukishika mkononi.

"Mita mbili tu, injiniya. Mapipa hayataenea."

"Yataenea yakisimama wima. Nimepiga hesabu."

"Mita moja, basi."

"Hadji," Mukandutiye alisema kutoka nyuma yake, "hiyo metre iko na kichanja cha Nyirabahire. Muulize yeye."

Nyirabahire aliegemea jembe lake ndani ya mfereji ulioanza kuchimbwa, akamtazama. Mudathiru alirudisha kigingi kwenye tundu lake na kukikanyaga.

Habineza alikuwa amesimama kando ya njia, mikono imening'inia. Hakuna aliyemwambia aondoke na hakuna aliyemwambia abaki. Pipa lilipopita karibu naye, Mukandutiye alimwonyesha kwa kidevu.

"Wewe usipime. Sukuma."

Akainama na kusukuma. Saa kumi na moja na nusu mapipa arobaini na tatu yalikuwa juu, na maji ya kwanza yalipita ukingo wa gati, membamba kama kitambaa kilichovutwa juu ya saruji, yakazunguka vitako vya mapipa kumi na saba yaliyobaki. Mudathiru alivua kofia, akaikunja na kuitia mfukoni, akashuka kushika pipa mwenyewe.